UZI: Brenner mpaka Venezia kwa baiskeli, peke yangu. Na kwa nini nasema usiiruke tambarare ya mto Po

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za mihangaiko.

Watu kadhaa wamenifuata PM wanauliza ile safari yangu ya baiskeli kaskazini mwa Italia ilikuwaje, nikaona kumjibu mmoja mmoja ni kazi, bora nifungue uzi kila mtu asome na mwenye swali aulize hapa hapa. Nitakuwa nashusha kidogo kidogo maana naandikia simu na kazi nazo zipo.

Njia yenyewe: naanzia Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, nashuka Bolzano, Trento, naingia ziwa Garda, nafuata mto Mincio mpaka Mantova, halafu nashika tuta la mto Po kuelekea mashariki, Ferrara, delta ya Po, Chioggia, naishia Venezia. Kama kilomita 600 hivi. Naishi kusini mwa Ujerumani kwa hiyo treni ya asubuhi inanishusha Brenner mapema tu na baiskeli yangu.

Jambo moja nalitanguliza kabisa ili tusije tukapotezana mbele. Wengi wanaofanya hii njia wanashuka milimani, wanapiga picha Garda, wakifika Verona au Mantova wanapakia baiskeli kwenye treni mpaka Venezia kwa sababu wameambiwa katikati hapo hakuna kitu, ni mashamba na jua tu. Mimi nimepita pale katikati na naapa pale ndo penyewe. Milimani unabebwa na mteremko, tambarare ndo inakunyonga wewe na baiskeli yako, na ndo utakapokutana na watu.

Nakuja na sehemu ya kwanza.

#2 · Mdau wa Arusha

Naweka kambi hapa mkuu. Tiririka, usitukatie katikati kama wale wa nyuzi za kusadikika.

#3 · Mdau wa Mwanza

Baiskeli gani hiyo ya kilomita 600? Au ndo zile za milioni nane?

#4 · Mleta uzi

Baiskeli nitaifikia mkuu, si ya milioni nane.

Haya. Brenner iko mita 1,370 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishuka kwenye treni hata mwezi wa sita asubuhi unavaa jaketi. Juu ya kichwa chako barabara kuu imepita kwenye nguzo ndefu na malori hayakatiki, maana mizigo mingi kati ya Italia na Ujerumani inapita pale pale. Ukisikia yale malori unaweza kuogopa ukadhani na wewe utachanganywa nayo, hapana. Baiskeli ina njia yake. Kipande kikubwa cha hiyo njia ni tuta la reli ya zamani, mwishoni mwa miaka ya 90 walitoboa handaki jipya la treni, reli ya zamani ikang'olewa, tuta likawekwa lami ya baiskeli.

Sasa hapo kuna raha ambayo inabidi niielezee vizuri. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo aliyechora ile reli enzi hizo alihakikisha mteremko ni wa upole na kona ni pana. Leo hiyo faida umeirithi wewe mwenye baiskeli. Unakaa tu, vidole viwili kwenye breki, mabegi yametulia kwenye karia, unateleza kilomita na kilomita, kuna mahandaki ya treni ya zamani unapita ndani yake yamewekewa taa, ubaridi unakupiga usoni halafu ghafla unatokea kwenye mwanga na mto Isarco uko chini kushoto unapiga kelele. Ila usidanganyike ukadhani mpaka Bolzano hunyongi, katikati kule Vipiteno na Bressanone kuna vilima vifupi vya kupanda kushuka vinavyokata pumzi ukiwa na mzigo. Bolzano yenyewe iko mita 260 hivi, yaani umeshuka zaidi ya kilomita moja kwenda chini.

Eneo lote hilo lilikuwa la Austria mpaka baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Italia ikapewa kwa mkataba wa 1919. Kwa hiyo vibao vyote vya barabarani vina lugha mbili, Kijerumani na Kiitaliano, na vijijini watu wengi wanaongea Kijerumani cha kwao kabisa. Mimi Kijerumani ninacho kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Na mashamba ya tufaha wakuu! Karibu nusu ya tufaha zote za Italia zinatoka mkoa ule mmoja. Njia ya baiskeli inapita katikati ya mistari ya miti, mifupi, imefungwa kwenye nguzo na nyaya, juu kuna nyavu za kuzuia mvua ya mawe.

Bolzano kuna makumbusho anapolazwa Ötzi, yule mtu wa kwenye barafu aliyeokotwa mlimani 1991 akiwa na zaidi ya miaka 5,000. Nenda. Unamwangalia kupitia kidirisha kidogo, yuko kwenye chumba cha baridi. Mimi niliyekaa nacho kichwani si yeye, ni viatu vyake, vya ngozi na ndani vimejazwa majani makavu, unaona kabisa mtu aliyejiandaa kutembea mbali.

#5 · Mdau wa Dar

Mkuu ulikuwa unalala wapi na bajeti ikoje? Maana Ulaya tunaambiwa usiku mmoja hoteli ni mshahara wa mwezi.

#6 · Mleta uzi

Hema mkuu. Italia huruhusiwi kujipigia hema popote unapojisikia, sheria zinatofautiana mkoa kwa mkoa ila kwa jumla haipo hiyo, kwa hiyo nilikuwa naingia kwenye kambi rasmi, mtu mmoja na hema ndogo unaweza kulipa kuanzia euro 12 mpaka 25 hivi, Garda wakati wa msimu inapanda zaidi ya hapo. Bonde la Po kambi ni chache sana, pale nilikuwa nalala nyumba za wakulima wanaopokea wageni, zinaitwa agriturismo, unapata kitanda na chakula cha pale pale shambani. Pia upo mtandao wa Warmshowers, ni wa waendesha baiskeli wa safari ndefu, mwenzako anakupa pa kulala na bafu bure na wewe siku nyingine unampokea mwingine kwako. Nililala kwa watu kwa njia hiyo na sina cha kulalamika hata kimoja.

Chakula: mchana tafuta mgahawa ulioegeshwa malori na gari za mafundi nje, kuna chakula cha wafanyakazi cha bei moja, sahani ya kwanza, ya pili, maji na kahawa, euro 12 mpaka 15. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei mara nyingi inabadilika. Na jipange na saa za kufunga, vijijini kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu maduka yamefungwa, hata kama una pesa mfuko mzima hununui hata ndizi.

Maji ni bure. Kila kijiji kina bomba uwanjani. Pasipo na bomba nenda makaburini, makaburi yote ya Italia yana bomba la kumwagilia maua, soma tu kibao, kikiandikwa non potabile usinywe.

#7 · Mleta uzi

Tuendelee. Bolzano kwenda Trento na kushuka chini unafuata mto Adige, njia iko juu ya tuta la mto, lami safi, hakuna gari. Njiani kuna vibanda vya chakula vya waendesha baiskeli tu vinaitwa Bicigrill, unaegesha, unajaza maji, unakula mkate na nyama, unaondoka.

Hapo sasa kuna kitu ramani haikuonyeshi: upepo. Kuna upepo unaitwa Ora. Asubuhi hakuna kitu, kumetulia. Ikifika saa sita saba mchana milima imepata moto, hewa inapanda, basi upepo unavutwa kutoka ziwa Garda unaingia kwenye bonde la Adige na kupanda nalo kuelekea kaskazini, yaani unakuja usoni kwako moja kwa moja kama unaelekea kusini. Unanyonga kwenye tambarare kabisa na mwendo ni kilomita 12 kwa saa. Unainama, unashika usukani chini, unabadilisha giya, wapi. Wenyeji walionipita asubuhi saa kumi na mbili wakielekea kusini walikuwa wanajua wanachofanya. Kwa hiyo ushauri wangu bonde la Adige ondoka alfajiri, ikifika saa sita uwe umeshakula na umelala chini ya mti.

Rovereto unaacha Adige, unakata kulia kupitia Mori. Kuna kijilima cha kuvuka, Passo San Giovanni, mita 287 tu, si kitu cha kutisha. Kabla ya kufika pale juu unapita Loppio, palikuwa na ziwa. Miaka ya 1950 walikuwa wanachimba handaki la kupeleka maji ya mafuriko kutoka Adige kwenda Garda ili mji wa Verona usizame, lile handaki likanyonya ziwa lote likakauka. Siku hizi ni kinamasi, mvua zikizidi maji yanarudi kidogo. Njia inapita pembeni yake kabisa, vyura wanapiga kelele hamuelewani.

Halafu unateremka Nago na pale kwenye kona, bila taarifa, Garda yote iko chini yako. Ziwa kubwa kuliko yote Italia, kilomita za mraba kama 370, upande wa kaskazini limebanwa na kuta za miamba, maji ya bluu iliyokolea, na matanga kibao ya watu wanaocheza na ule ule upepo wa Ora ulionitesa mimi. Nilisimama pale muda mrefu tu.

#8 · Mdau wa Nakuru

Story tamu sana boss. Nimeskia Garda barabara ya kando ya ziwa ni ya tunnels tu, cyclist anaweza gongwa. Ulipita aje?

#9 · Mleta uzi

Umesikia sahihi ndugu yangu. Upande wa magharibi barabara ina mahandaki mengi, mengine ya zamani, membamba na giza, na magari ya watalii na mabasi yamejaa. Kuna kipande kizuri cha baiskeli pale Limone kilichofunguliwa 2018, kimening'inizwa kwenye mwamba juu ya maji, lakini ni kama kilomita mbili tu, hakijaungana bado na njia ya kuzunguka ziwa lote. Mimi nilipanda meli. Zipo za abiria zinazobeba baiskeli, si zote na nafasi zina kikomo, uliza dirishani kabla hujalipa. Sioni aibu ya kupanda meli kukwepa handaki, uhai kwanza.

Na kisheria Italia ukiwa ndani ya handaki, au nje ya mji usiku, lazima uvae kizibao cha kuakisi mwanga na taa ziwake. Kizibao ni euro chache tu. Vaa.

#10 · Mleta uzi

Kusini mwa ziwa kuna mji unaitwa Peschiera, hapo ndipo mto Mincio unatoka ziwani, na hapo inaanza njia ya Peschiera–Mantova, kilomita 43 hivi, kando ya maji mwanzo mwisho. Kama una familia na watoto wanaojua baiskeli, kipande hiki ndo chao. Katikati kuna Borghetto, kijiji cha vinu vya maji vya zamani, na juu yake daraja kubwa la ngome lililojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na mtawala wa Milano. Watu wanakula pale tortellini, pasta ndogo za kujazwa, nyembamba kama karatasi. Bei za kitalii lakini.

Mantova unauona kwa mbali umekaa juu ya maji. Yale maziwa yaliyouzunguka yalitengenezwa karne ya 12 kwa kuuzuia mto, mji ukawa na ulinzi. Mwezi wa saba na wa nane upande mmoja wa maziwa unajaa maua makubwa ya lotasi, mimi nilikuta majani tu, mapana, yamesimama juu ya maji. Pale nilikula tortelli za maboga na siku ya pili yake polenta na samaki wa mtoni.

#11 · Mdau wa Nakuru

Si polenta ni ugali tu ya manjano? Hapo ungekuwa sawa kabisa.

#12 · Mleta uzi

Ni ugali mkuu, mahindi yale yale na sufuria na mwiko. Wanausonga muda mrefu zaidi, dakika 40 mpaka saa nzima, unakuwa laini, wengine wanaumwaga kwenye ubao ukapoa wakaukata vipande na kuvichoma. Watu wa kusini mwa Italia wakitaka kuwatania wa kaskazini wanawaita walaji polenta.

Ila kuna historia nzito nyuma yake ambayo niliisoma baadaye ikanigusa kweli. Karne ya 18 na ya 19 wakulima wa Veneto na Lombardia walikuwa wanalima ngano inakwenda kwa mwenye shamba, wao wanabaki na mahindi, asubuhi polenta, jioni polenta, hakuna mboga wala nyama. Wakaanza kuugua pellagra, ngozi inababuka juani, tumbo la kuhara, mwisho akili inachanganyikiwa, hospitali za vichaa za kule zilijaa watu wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba vitamini B3 ya mahindi imefungwa, mwili hauipati vizuri. Kule Mexico yalikotoka mahindi watu walikuwa wanayachemsha na chokaa, hiyo inaifungua, Wazungu wakachukua mbegu bila kuchukua maarifa. Kwa hiyo ugali na maharage au na dagaa tunaokula kwetu si umaskini, ni akili. Na nikiwaona wazee wa kule wanaiheshimu ile sahani naelewa imetoka wapi.

#13 · Mleta uzi

Sasa tumefika kwenye sehemu niliyoifungulia uzi.

Kutoka Mantova unafuata Mincio mpaka Governolo, pale unaingia kwenye Po. Po ni mto mrefu kuliko yote Italia, kilomita 652, unatoka mlima Monviso karibu na Ufaransa unaenda kumwaga bahari ya Adriatiki. Na pande zote mbili umejengewa tuta. Ni tuta kweli kweli, sehemu nyingine limepanda mita nane tisa juu ya mashamba, juu yake kuna njia nyembamba na wewe unanyonga pale juu.

Jipange na picha hii: kulia kwako ni mto na ardhi ya mafuriko iliyopandwa miti ya mipopla kwa mistari iliyonyooka. Kushoto kwako ni mashamba, na nyumba, na paa za hizo nyumba ziko chini ya miguu yako. Unaona mtu anaanika nguo uani kwake na wewe uko juu yake kama uko ghorofani. Kuna sehemu sakafu ya mto wenyewe iko juu kuliko yale mashamba, kwa sababu mchanga unajaa kila mwaka na watu wanaongeza tuta kila kizazi. Maana yake kila mtu anayeishi pale amelala chini ya mto, na kinachomlinda ni ule udongo unaoupitia wewe na baiskeli yako. Ndo maana wanawachukia wale panya wakubwa wa majini, nutria, walioletwa kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya manyoya, wakatoroka, sasa wanachimba mashimo ndani ya matuta. Nilikuwa nawaona jioni, meno ya rangi ya chungwa, hawaogopi mtu.

Novemba 1951 tuta lilikatika upande wa Occhiobello, mkabala na Ferrara. Maji yakaingia Polesine, lile eneo la tambarare kaskazini mwa Po, zaidi ya watu 100 wakafa, wengi wao walikuwa wamepanda lori moja likazimika katikati ya maji usiku, na watu karibu 180,000 wakahama makazi. Nilikutana na mzee mmoja pale karibu na hapo, yuko na baiskeli ya chuma nyeusi, fimbo ya kuvulia imefungwa kwenye fremu kwa mpira wa tyubu kuukuu, akaniuliza swali ambalo Waitaliano wote waliniuliza, da solo? uko peke yako? Nikamwambia ndiyo. Basi akaegemea baiskeli yake akaanza kunielezea, alikuwa mtoto, walikaa juu ya paa, baadaye ukoo wao ukatawanyika, wengine Torino viwandani, hawakurudi. Kiitaliano changu ni cha kuombea maji lakini alikuwa anaongea taratibu na mikono, nilielewa. Alipomaliza akakagua tairi zangu kwa kidole gumba, ya mbele na ya nyuma, akatikisa kichwa kwamba ziko sawa, akashuka kuelekea mtoni.

Hilo ndo nasema halipatikani kwenye treni. Na lisingetokea tungekuwa wawili, kwa sababu mkiwa wawili mnaongea wenyewe na hakuna wa kuwasogelea. Ukiwa peke yako juu ya tuta, hakuna kivuli, jua la nyuzi 34, mtu yeyote utakayekutana naye lazima msalimiane.

Ugumu upo, siufichi. Kivuli hakuna. Mbu jioni ni wengi na hawana huruma. Tuta linapinda na mto, unaona mnara wa kanisa la kijiji mbele yako, unanyonga nusu saa, mnara umehamia kulia, nusu saa tena uko nyuma yako na hujakifikia kijiji. Hiyo kitu inachosha akili kuliko mlima, mlimani unajua kilele kiko wapi. Dawa yake niliyoipata ni kutoangalia mbele sana, naangalia kilichopo, San Benedetto Po kuna abasia, yaani monasteri kubwa, iliyoanzishwa 1007, kubwa kiasi cha kumeza kijiji kizima, sijui ningeijuaje kama si ile kona.

#14 · Mdau wa Dodoma

Mkuu samahani kwa swali, ngozi nyeusi, peke yako, vijijini. Hawakukusumbua?

#15 · Mleta uzi

Swali zuri na usiombe samahani.

Kwanza ujue kule bondeni wewe si mtu mweusi wa kwanza kwenye baiskeli. Barabara za mashamba asubuhi sana na jioni zimejaa vijana wa Afrika Magharibi, Wamoroko, na Masingasinga wa Punjab, wote kwenye baiskeli na vizibao vya kuakisi, wanaenda au wanatoka kazini. Wapunjabi ndo wanakamua ng'ombe wa bonde la Po miaka mingi sasa, lile jibini maarufu la Parma na Grana Padano linapita mikononi mwao, wana hekalu lao kubwa Novellara lililofunguliwa mwaka 2000. Jamaa mmoja kutoka Senegal aliona mabegi yangu akadhani nahama kutafuta kazi, akanielekeza shamba linalohitaji watu wa kuvuna tikiti. Nilipomwambia naenda Venezia kutembea alifurahi kweli, akalazimisha anipige picha na simu yangu.

Wengi walinipokea vizuri. Ila yapo mambo. Kuna mahali niliambiwa nafasi imejaa na uwanja naona uko wazi, nikaondoka, sikubishana. Polisi walinisimamisha wakaangalia karatasi, kwa heshima tu, lakini wazungu wawili wenye baiskeli walipita pembeni hapo hapo hawakuulizwa kitu. Hilo linauma na sitaki kulipaka sukari. Tembea na pasipoti au kibali chako mwilini, si kwenye begi la nyuma, na endelea na safari yako kwa sababu barabara ni yako kama ilivyo yao.

Usalama wa usiku sikupata shida yoyote. Kufuli nzuri beba, miji ya stesheni kubwa baiskeli zinaibwa.

#16 · Mleta uzi

Ferrara. Wakuu, mji wa baiskeli ni ule. Mabibi wa miaka 80 wamevaa sketi na viatu vya kisigino wananyonga taratibu na kikapu cha mboga, mapadri, wanafunzi, wakili na mkoba. Ukuta wa mji wa karne ya 15 na 16 umebaki karibu wote, kilomita 9, juu yake unazunguka kwa baiskeli chini ya miti. Nilipumzika pale, nikabadilisha pedi za breki, fundi mzee akanishikia baiskeli na kuimba, hakuniruhusu nisaidie.

Baada ya Ferrara njia inaitwa Destra Po, inafuata ukingo wa kulia wa mto mpaka baharini. Unaingia delta. Hapo ardhi iko chini ya bahari, sehemu nyingine zaidi ya mita mbili. Sababu mojawapo ni watu wenyewe, mpaka 1961 walikuwa wanavuta gesi na maji kutoka ardhini, ardhi ikashuka, serikali ikasimamisha lakini haikupanda tena. Sasa pampu zinafanya kazi daima kurudisha maji baharini, unapita jumba la pampu unasikia mngurumo tu. Ukame wa 2022 Po ilipungua kiasi kwamba maji ya chumvi yalipanda mtoni makumi ya kilomita, mpunga ukaungua. Na mwaka uliofuata wakajaa kaa wa bluu, wageni kutoka upande wa Amerika, wakala karibu kombe wote wa wafugaji wa Goro. Nilikaa na wavuvi pale bandarini, wanapanga nyavu za waya kuzuia kaa, ni kazi ya kila siku isiyoisha. Nililala nikiwafikiria. Watu wetu wa Rufiji wanajua vizuri kuishi na maji yanayokuja na yanayokataa kuja.

Kuvuka tawi moja la mto pale Gorino unapita daraja lililolazwa juu ya mashua, ukipita linacheza chini ya tairi. Raha tupu.

Chioggia kwenda Venezia usifuate barabara kuu ya malori, nakuomba. Panda boti mpaka Pellestrina, kisiwa chembamba, sehemu nyingine unaona bahari kulia na maji ya ndani kushoto kwa wakati mmoja. Upande wa bahari kuna ukuta mkubwa wa mawe wa karne ya 18 uliojengwa na jamhuri ya Venezia. Halafu kivuko kingine mpaka Lido, na kwenye mapengo kati ya visiwa ambapo bahari inaingia ndo wameweka MOSE, milango 78 ya chuma iliyolala chini ya maji, inainuliwa bahari ikijaa, ilianza kazi Oktoba 2020. Kutoka Lido kuna kivuko cha magari mpaka Tronchetto, baiskeli inapanda.

Venezia yenyewe baiskeli marufuku, hata kuikokota. Niliifunga pembezoni, nikatembea kwa miguu jioni moja, umati umati, kesho yake nikavuka daraja refu la karibu kilomita 4 kwenda Mestre kupanda treni. Sina mengi ya kusema kuhusu Venezia, imeshasemwa na kila mtu.

#17 · Mdau wa Dar

Umemaliza kila kitu mkuu. Sasa mimi niko Dar, nataka mwaka kesho. Viza, baiskeli, mwezi gani?

#18 · Mleta uzi

Viza ni ya Schengen, unaomba ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo Italia. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima. Andaa ratiba ya usiku kwa usiku na uthibitisho wa malazi, hata kama ni kambi, waandikie barua pepe wakujibu, na maelezo ya benki yaliyotulia, si pesa iliyoingia juzi.

Mwezi wa tano au wa tisa. Wa saba na wa nane achana nao, Po inachoma, na tarehe 15 mwezi wa nane nchi nzima imefunga.

Baiskeli usibebe ya Dar, mzigo wa ndege utakuumiza. Nunua iliyotumika kule, ya chuma, yangu nilinunua euro 350 na ina umri mkubwa kuliko ajira yangu. Tairi upana wa milimita 35 mpaka 40 kwa sababu tuta lina vipande vya kokoto. Giya ndogo kabisa iwe laini, ukipakia kilo 15 utaniombea dua Passo San Giovanni. Beba tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, kiungio cha cheni, spoku mbili tatu zifunge kwenye fremu kwa tepu. Mbigili zipo kule, hizi hizi za kwetu, hasa ukikaribia baharini kwenye mchanga, kila ukisimama pitisha mkono kwenye tairi.

Treni za mikoa zenye alama ya baiskeli unapanda nayo kwa tiketi ya ziada ya euro 3.50 ya siku. Ukichoka kabisa ipo hiyo. Ila ukinipigia simu kutoka Mantova kwamba unapanda treni, nitakuambia ushuke.

Faili la njia nzima ninalo, njoo PM nikutumie ulifungue kwenye simu bila bando.